Daftari la madeni lilivyonifundisha kuiangalia milele nikiwa sokoni

Nimechoka kuambiwa kwamba mtu wa soko hawezi kuishi akiiangalia milele, yaani akiyakumbuka kila siku maisha yasiyokwisha. Nimeambiwa na wahubiri, nimeambiwa na shangazi zangu, hata na mama mmoja wa jumuiya yetu ambaye hajawahi kupanga fungu la nyanya. Mimi ninauza unga wa muhogo, mchele na maharagi katika soko la Virunga, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na ninasema wazi kwamba inawezekana. Nimeweza palepale nyuma ya magunia, mikono ikiwa imejaa unga, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Kwa mtu wa Goma, kwamba dunia inapita si jambo la kungojea mahubiri. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulipasuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, nilikopokea komunyo ya kwanza, likateketea. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi usiku, mlima ukapasuka tena. Safari hiyo moto ulisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini siku chache baadaye tukaamriwa kuhama, na barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro na chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo. Kisha ikaja Januari 2025: vita viliingia mjini, benki zikafungwa, na akiba za watu zikabaki humo ndani. Nyumba zetu wenyewe tunazijenga kwa mawe yaleyale yaliyomeza nyumba za kwanza. Waebrania 13:14 inaposema "hapa hatuna mji udumuo", mtoto wa shule ya msingi wa Majengo anaielewa bila kufafanuliwa.

Kwa hiyo sikuwa na shida ya kujua. Shida ilikuwa kukumbuka saa nne asubuhi, mteja anavuta bei, mpagazi anadai chake, na mwenye gari amesema gunia limepanda tena. Kila mlima ulipopasuka makanisa yalijaa mpaka watu wakasimama nje. Miezi ikapita, nafasi zikaonekana tena kwenye mabenchi. Hofu inamkimbiza mtu mpaka kanisani, ila haimkalishi humo.

Mashauri niliyopewa ni mengi, na lililonitesa kuliko yote ni la begi. Baada ya ile volkano ya 2021, mhubiri mmoja alitufundisha kwamba kila Mkristo aweke begi tayari mlangoni, ili kila akiliona akumbuke kuwa yeye ni msafiri na makao yake yako mbinguni. Wengi hapa tulikuwa na begi tayari kwa ajili ya mlima, na shauri likanivutia. Niliweka Biblia, rozari, kitenge kimoja na nguo za watoto. Siku za kwanza kwa kweli nilisali kila nilipopita mlangoni.

Kisha nikafikiri, vyeti vya watoto vya kuzaliwa vikiungua itakuwaje? Nikaviweka. Baada yake diploma ya mume wangu, na karatasi za kiwanja. Hapo begi likawa na thamani, nikaogopa kuliacha mlangoni, nikalihamishia chini ya kitanda. Nikatia na dola kidogo, mia na kitu hivi, na kwa kuwa hapa noti ikichanika hata kwenye pembe hakuna anayeipokea, nikawa nazitoa kuzikagua, nazikunjua, nazirudisha ndani ya plastiki. Usiku nikishtuka, mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye begi kabla ya kwenda kwenye ishara ya msalaba. Mwanangu mdogo alilikalia siku moja akicheza, nikampigia kelele mpaka akalia. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale. Akaniangalia, akasema kwa upole, "Mama, sasa tunakaa ndani ya hilo begi." Na ilikuwa kweli. Kitu nilichoambiwa kitanikumbusha mbingu kilikuwa kinanihesabia mali yangu yote kila jioni. Begi bado ninalo, kwa ajili ya mlima, maana ni busara kuwa nalo. Lakini nimelivua kazi ya kunifundisha kusali.

Walionishauri niache meza kwa majuma nikakeshe kwa sala mlimani, sitawazungumzia sana. Watoto wanakula kila siku. Na aliyesema niweke simu ilie kila saa, hajui umeme wa mtaani kwetu.

Msaada ulinijia kupitia kijana wa mji huu huu. Mwaka 2025, tarehe 15 Juni, Floribert Bwana Chui alitangazwa Mwenyeheri, hatua iliyo kabla ya kuitwa Mtakatifu, kule Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Ukuta. Alizaliwa hapa Goma mwaka 1981, alikuwa katika Sant'Egidio, jumuiya ya Wakatoliki inayosali na kusaidia maskini, na aliwapenda maibobo, wale watoto wa barabarani ambao sisi wa soko tunawafukuza. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Alipelekewa pesa ili aache chakula kilichoharibika kipite, akakataa, na Julai 2007 akatekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Papa Fransisko alikuwa amemtaja mbele ya vijana kule Kinshasa, Februari 2023.

Katika jumuiya tulimzungumzia sana majuma yale, na wengi walisifu ujasiri wake. Mimi nilishikwa na jambo jingine, kwa sababu kazi yake na yangu zinakutana kwenye gunia. Nilijiuliza, yule kijana alipokuwa amesimama mbele ya chakula kile, alikuwa anaangalia nini? Alikuwa anawaangalia watu watakaokila, watu asiowajua, waliokuwa bado majumbani mwao wakitafuta pesa ya kukinunua. Chakula kile kilikuwa cha juma moja. Wale watu ni wa milele.

Siku ile nilirudi mezani pangu nikatazama vyote nilivyo navyo. Unga utaliwa, usipoliwa utaota ukungu. Kopo la kupimia litapata kutu. Faranga tunaziona zinavyochakaa mkononi. Kati ya vyote vinavyopita mbele yangu tangu asubuhi mpaka jioni, kitakachokuwepo baada ya mlima, baada ya vita, baada ya dunia yenyewe, ni huyu mama anayeniambia nimpunguzie, na mpagazi aliyebeba gunia, na maibobo anayeokota maharagi yaliyomwagika. Nilikuwa nimeitafuta milele juu ya mawingu, kumbe ilikuwa inapanga foleni mbele yangu na kukopa.

Hapo ndipo daftari likaingia. Kila anayeuza chakula Goma ana daftari la madeni, maana watu wanachukua Jumatatu na kulipa wakipata. Langu ni la kawaida, la mistari. Lilikuwa na majina na kiasi tu. Nilianza kuandika pembeni neno moja au mawili juu ya kile mtu alichoniambia akikopa: mtoto ana homa, mume hajarudi kutoka Masisi, binti ana mitihani ya serikali, wamefukuzwa nyumba. Jioni, nikipiga hesabu, nilikuwa nasoma jina, deni, na lile neno, halafu namweka mtu huyo mbele ya Mungu kwa sentensi moja tu: Bwana, huyu ni wako milele, umhurumie. Kisha naweka msalaba mdogo kwa kalamu mbele ya jina, ili nijue nimeishia wapi, maana mara nyingi mteja wa mwisho hunikatiza. Hesabu ilikuwa lazima niifanye hata hivyo, kwa hiyo sala haikuhitaji saa nyingine. Ilikaa ndani ya kazi.

Kilichotokea baadaye nakisimulia kila nikipata nafasi. Binti yangu wa miaka kumi na kitu alinishikia meza siku nilipokwenda kufuata mzigo. Akaja mteja mmoja, mama mjane, akiwa na sehemu ya deni lake, akaomba aandikiwe. Mtoto akafungua daftari, akaona msalaba mbele ya jina, na yeye shuleni mwalimu akimaliza kusahihisha huweka alama. Akamwambia, "Mama, hapa umemaliza. Kuna msalaba, deni lako limelipwa." Yule mama akashangaa, akarudi na pesa yake nyumbani. Hakulala. Asubuhi kabla sijafungua magunia alikuwa amesimama pale. "Mama, ni nani amenilipia? Niambie nikamshukuru."

Nilimweleza taratibu kwamba mtoto hakuelewa, kwamba deni bado lipo, na kwamba msalaba ule ni alama ya kuwa jana yake jioni nilimwombea kwa jina. Alinyamaza muda mrefu. Akauliza, "Kila jioni?" Nikamwambia kila jioni ninapopiga hesabu. Akatoa ile pesa, akaihesabu mbele yangu, akasema, "Pesa pokea. Ila huo msalaba usiufute." Sikuufuta. Tangu siku hiyo hata waliolipa siwafuti kwenye daftari. Deni nalipiga mstari mwembamba, jina linabaki linasomeka.

Dada yangu, ambaye naye ni mfanyabiashara, alinionya kwamba nikimwombea mdeni nitashindwa kumdai. Si kweli, na napenda wanaoogopa hivyo wasikie. Ninadai. Ninadai Jumamosi, kwa sauti ya kawaida, na mwenye uwezo analipa. Kilichoondoka ni ile chuki ya kumwona mtu barabarani na kuona faranga zangu zinatembea. Na kopo langu, mteja akitaka alikague chini alikague, halijapondwa ndani kama tunavyoona kwa wengine, kwa sababu siwezi kumweka mtu mbele ya Mungu jioni hali nimempunja unga asubuhi. Wapo walioondoka na deni na hawatarudi. Pia kuna ukurasa wa Januari 2025 wenye majina ya watu waliokimbia au waliokufa, na wengine mpaka leo sijapata habari zao. Madeni ya ukurasa ule nimeyaachilia yote. Majina nayasoma bado. Hasara ilikuwa kama magunia mawili hivi, labda na zaidi, sikutaka kuijumlisha.

Mchana kengele ikilia nasali Malaika wa Bwana nikiwa nimesimama, na mteja akiwepo ananingoja. Salamu Maria inanisaidia sana kwa mtu wa haraka kama mimi, kwa sababu inaomba kwa ajili ya nyakati mbili tu, sasa na saa ya kufa kwetu. Nikipanda moto, yaani pikipiki, kwenda mtaa wa Birere kufuata mchele, nasali kwa ajili ya motari, dereva wake, aliyenibeba. Nyumbani nimeacha kuwahubiria watoto juu ya mbingu wakati wa kula. Badala yake tunataja jina moja kutoka daftarini kabla ya kulala, wao ndio wanachagua, na mdogo huchagua siku zote mama anayempaga ndizi.

Kuna walioniuliza wafanyeje kama hawauzi kitu. Motari ana abiria. Muuguzi ana kitabu cha wagonjwa. Aliyekaa nyumbani ana majina ndani ya simu, na hayo yanatosha. Usianze na daftari zima, utachoka na kuacha. Anza na ukurasa mmoja, tena ule wenye watu wanaokuudhi. Mwalimu mmoja wa jumuiya yetu amejaribu na orodha yake ya mahudhurio, akaja kulalamika kwamba darasa lina watoto zaidi ya sitini na hawezi kumaliza wote akiita majina asubuhi. Nilimwambia achukue benchi moja kila siku, aanze na la nyuma.