Asubuhi ya theluji katika Bonde la Teleki

Theluji ilianguka usiku kucha, na kulipopambazuka bonde zima lilikuwa jeupe. Tulikuwa kwenye mita 4,200 hivi, chini ya vilele vya Mlima Kenya. Kazi yangu msimu ule ilikuwa kumsaidia mtafiti mmoja kufuatilia viota vya chozi wa milimani, ndege mdogo mnywa nekta ya maua, yule mwenye shada la manyoya mekundu kila upande wa kifua. Nilitoka hemani kabla ya chai. Nilikuwa nawaza viota viwili tu.

Mlima ule uko karibu kabisa na ikweta, hivyo joto la mchana na la usiku hupishana zaidi kuliko joto la mwezi huu na mwezi ule. Usiku maji yanaganda, mchana jua linachoma. Na kwa chozi hawa jike huatamia peke yake; dume kazi yake ni kulinda eneo lenye lobelia, mimea mirefu ya mlimani ambayo maua yake yana nekta. Jike akitoka kutafuta nekta, hakuna wa kulipatia yai joto mpaka arudi.

Kiota cha kwanza kilikuwa kimefichwa katika majani makavu ya senesio, mmea mkubwa wa mlimani kama mti, yale yanayobaki yamelivika shina kama blanketi, na mlango wake ulielekea mashariki. Lobelia kadhaa zilikuwa zimechanua hatua chache tu kutoka hapo. Kiota cha pili kilikuwa kichakani, upande unaochelewa kupata jua, na dume wa pale alikuwa na lobelia za kuhesabika.

Mzee aliyetuongoza, aliyeujua mlima ule tangu ujana wake, aliniona nimekikodolea macho kiota.

“Mwanangu,” akasema, “kiota hakiendi popote. Mtazame mama anakokwenda.”

Nikamtazama. Jike wa kwanza alitulia ndani mpaka jua likagusa mlango, akatoka, akanywa kwenye lobelia ya jirani, na kabla sijamaliza kuandika saa aliyotoka alikuwa amekwisha kurudi. Yule wa pili alitoka mapema, kivuli kingali kizito. Akavuka kijito, akafukuzwa na dume mwenye eneo lile, akajaribu shina jingine, akafukuzwa tena. Inzi, ambao chozi huwala pia, walikuwa bado hawajaanza kuruka kwa baridi. Vidole vyangu vilikufa ganzi nikimngoja, na moyo ulikuwa unaniuma, maana nilijua ndani ya kile kichaka kuna yai moja linalopoa.

Mwaka 1992 Matthew Evans na Ben Hatchwell walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa chozi hawa, kwenye mlima huuhuu. Madume walioongezewa ukubwa wa yale mashada mekundu walipata maeneo yenye lobelia nyingi zaidi. Nilipoyasoma niliyachukulia kuwa habari ya madume na ugomvi wao. Kumbe shada lile linafika mpaka kwenye yai: lobelia ikiwa karibu, mama harandirandi. Ingawa utajiri huo nao haudumu. Aina moja ya lobelia za pale, ile ya Teleki, huchanua mara moja tu maishani kisha hufa, kwa hiyo eneo linalogombewa leo laweza kuwa mabua matupu baadaye.

Lakini eneo peke yake halikutosha kueleza niliyoyaona. Wote wawili walilala kwenye baridi ileile; mmoja akasubiri jua, mwingine hakusubiri. Labda njaa ilimzidi, labda ndiyo tabia yake. Katika daftari letu, hata hivyo, wangeandikwa kama kitu kimoja: viota viwili, usiku mmoja wa theluji.

Yai la kichakani halikuanguliwa. Kwenye senesio kinda alitoka, na baadaye nikamwona mama yake akimpelekea wadudu. Yule jike wa pili, niliyemtambua kwa pete za rangi mguuni, alikaa siku chache bila kiota, kisha akaanza kubeba sufi ya mimea kwenda kwenye senesio moja upande wa jua.

Jioni moja nilimwomba mtafiti tuache kuandika wastani wa bonde peke yake. Alifikiri kidogo, akakubali, na msimu uliobaki kila jike mwenye pete alikuwa na ukurasa wake: saa anayotoka, anakokwenda kunywa, muda anaokaa nje, na jua linafika mlangoni pake saa ngapi.