Siku moja na breki za nyuma za lori kuukuu

Saa 1 asubuhi. Lori lilifika kabla sijavaa ovaroli. Ni la zamani, lina breki za dramu (ngoma za chuma zinazozunguka na gurudumu) magurudumu yote manne. Dereva wake, mtu mzima, alinieleza kwa ufupi: "Fundi, pedali inazama. Kila wiki naongeza mafuta ya breki, lakini chini sioni hata tone." Maneno hayo yalinitosha. Mafuta yanayopungua bila kudondoka yamejificha mahali, na mara nyingi yako ndani ya dramu.

Saa 2. Kabari kwenye magurudumu ya mbele, nati za nyuma zikalegezwa lori likiwa bado chini, kisha jeki, kisha stendi. Siingizi mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, sembuse mbele ya kijana ninayemfundisha. Handibreki tukaiachia.

Dramu ya kushoto ikagoma kutoka. Iliyotumika miaka mingi huliwa katikati, ukingo unabaki umesimama na kuzikamata kwa ndani shuu, vile vipande vilivyopinda vinavyoisugua dramu. Kijana akanyanyua nyundo. "Ngoja," nikamwambia, "zirudishe shuu kwanza." Tukapitisha bisibisi kwenye tundu la bamba la nyuma, nyingine ikisukuma kando kile kikono cha ajasta, skrubu yenye meno inayosogeza shuu, tukazungusha jino kwa jino. Halafu bolti mbili kwenye matundu ya dramu yenye nyuzi: hii kidogo, ile kidogo. Ikaachia kwa mlio mmoja.

Saa 4. Shuu za kushoto zilikuwa zimelowa. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea: wanatupa shuu, wanafunga mpya, na baada ya siku chache zimelowa tena. Lazima ujue kilicholowesha. Oili ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma, ni nzito na ina harufu kali ya salfa. Ingekuwa hiyo, ningetafuta sili ya ekseli. Hii ilikuwa nyepesi. Nikafunua raba ya vumbi ya wili silinda, ile ndogo inayosukuma shuu kwa mafuta ya breki, kwa ncha ya bisibisi, na mafuta yakatiririka mpaka kiganjani. Raba ile inazuia vumbi tu, haikupaswa kuwa na mafuta. Maana yake raba za pistoni ndani zimekwisha. Silinda nayo ilikuwa na vishimo vya kutu, kwa hiyo nikaiondoa nzima badala ya kubadilisha raba.

Kijana alikwisha shika bomba la kompresa ili apulize vumbi. Nikamnyang'anya. Shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Tunalowesha kwa dawa ya kusafishia breki, tunafuta kwa tambara, barakoa usoni.

Saa 6. Tukapima dramu. Kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa kimegongwa kwenye chuma chenyewe. Zetu zilikuwa bado ndani yake, zikapelekwa kukerezwa kidogo. Dereva akainama kutazama upande wa kulia. "Huku si kuzima bado, fundi?"

"Kuzima, mzee, lakini ekseli moja hubadilishwa pande zote mbili. Shuu mpya huku na kuukuu kule, gari litavuta upande siku utakayokanyaga kwa nguvu."

Saa 8 mchana. Kufunga. Shuu za kulia tulikuwa hatujazigusa makusudi: kijana akisahau springi inakaa wapi, anazunguka kutazama. Alirudi akaweka shuu yenye laininga (tabaka la kusugulia) ndefu mbele. Nikamwacha alinganishe mwenyewe. Akaona, akageuza: fupi mbele, ndefu nyuma. Ajasta nazo zina nyuzi zinazopingana kushoto na kulia. Ukizibadilishana, breki zitajilegeza badala ya kujikaza. Grisi ya kuhimili joto tukaipaka nyembamba kwenye vituo ambavyo shuu inatelezea, wala si popote pengine. Ndipo tukahamia kulia, kukapata silinda mpya pia.

Saa 10. Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Tukaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile inayosukumwa na pedali. "Kanyaga. Shika!" Nikafungua nipeli, skrubu ndogo ya kutolea upepo, mapovu yakapita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye chupa, nikafunga. "Achia." Mara nyingi, polepole, huku tukijaza tangi la mafuta ya breki lisikauke. Mafuta yawe yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko. Oili ya injini ikiingia humo inaharibu kila raba.

Saa 11. Tulizungusha magurudumu kwa mkono na kusikiliza: mkwaruzo mwepesi, sawa pande zote. Tukajaribu mwendo mdogo, mbele na nyuma, mahali patupu. Dereva akakanyaga, akakanyaga tena, mguu ukasimama juu. Alikaa kidogo bila kuondoa mguu.

"Sasa inashika," alisema.

Nikamwomba arudi wiki ijayo nifungue tena nitazame kama pamekauka.