Siku Moja Maishani Mwangu: Kufundisha Utafiti na Tafakuri Chuo Kikuu

Ninafundisha somo la mbinu za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kazi kubwa ya muhula katika somo hilo ina sehemu mbili: ripoti ya utafiti mdogo ambao mwanafunzi ameufanya mwenyewe, na insha ya tafakuri inayoeleza jinsi alivyofikia maamuzi yake. Wengi huichukulia sehemu ya pili kuwa nyongeza inayoweza kuandikwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Mimi ninaiona kuwa sehemu ya utafiti wenyewe, inayopaswa kuandikwa utafiti ukiwa bado unaendelea, na siku ninayoisimulia hapa, ya katikati ya muhula, ilinipa sababu za kutosha za kuendelea kuamini hivyo.

Saa 12 asubuhi

Nilianza kwa kusoma rasimu za insha za tafakuri, kwa kuwa ni kazi inayohitaji akili ambayo bado haijachoshwa na vikao. Rasimu ya kwanza ilifunguliwa kwa sentensi ninayoikuta kila muhula: "Utafiti huu umenifunza mambo mengi na umenijenga kitaaluma." Sina shaka kwamba mwandishi aliamini alichokiandika, lakini sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu utafiti wowote, hata ule ambao haukufanyika. Pembeni niliuliza: ni jambo lipi hasa, ulilitambua ukiwa katika hatua gani ya kazi, na baada ya kulitambua ulifanya nini ambacho usingekifanya hapo awali?

Rasimu iliyofuata niliirudia kuisoma kwa furaha. Mwandishi wake alikuwa ameijaribu hojaji yake kwa wenzake wachache kabla ya kuisambaza, naye akaandika hivi: "Swali la 4 lilikuwa likiuliza, 'Kwa nini hukuhudhuria mhadhara?' Majibu yalikuwa mafupi, na mmoja akataka kujua kama majina yao yangepelekwa kwa mhadhiri. Nililibadili likawa, 'Ni mambo gani yaliyokuzuia kuhudhuria?' na majibu yakarefuka. Nadhani swali la kwanza liliwafanya wajione wanashtakiwa, ingawa inawezekana pia kwamba walioulizwa mara ya pili walikuwa wamekwisha kunizoea."

Katika sentensi hizo chache mna tukio, ushahidi, tafsiri, na tafsiri nyingine inayoweza kuipinga ile ya kwanza. Mwanafunzi huyu ameyachunguza maamuzi yake kwa ukali uleule anaotakiwa kuutumia anapoichunguza data ya watu wengine. Hakusema popote kwamba amekua kitaaluma, wala hakuhitaji kusema.

Saa 2 asubuhi

Katika kikao cha idara tulijadili vigezo vya usahihishaji. Mwenzetu mmoja alihoji tunawezaje kumpa mtu alama kwa hisia zake, na hoja yake ni ya haki kabisa. Hisia hazisahihishwi. Mzunguko wa tafakuri uliopendekezwa na Graham Gibbs mwaka 1988, ambao vyuo vingi huutumia, una hatua sita: maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa hatua zitakazofuata. Hisia ni hatua moja tu kati ya hizo, na kazi yake ni kumwonyesha mwandishi mahali panapostahili kuchimbwa. Tulichokubaliana ni kuongeza uzito wa uchambuzi, kwa sababu wanafunzi wengi humaliza nusu ya insha wakisimulia yaliyotokea, kisha huharakisha sehemu ambayo ndiyo inayobeba fikra. Kwa insha ya maneno 1,000, mimi huwashauri wasitumie zaidi ya maneno 200 katika masimulizi.

Saa 4 asubuhi

Mhadhara wa siku hiyo ulihusu mwelekeo wa binadamu wa kutafuta yale yanayothibitisha anachokiamini tayari. Sikuanza na fasili. Niliandika ubaoni namba 2, 4, 6, nikawaambia kwamba zinafuata kanuni niliyonayo akilini, nao waitafute kwa kunipa seti nyingine za namba tatu, nami ningewajibu tu kama seti hiyo inafuata kanuni au haiifuati. Zoezi hili lilibuniwa na mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, ambaye alichapisha matokeo yake mwaka 1960.

Wakasema 8, 10, 12. Nikajibu kwamba inafuata. Wakasema 20, 22, 24, nayo inafuata. Baada ya mifano mingine ya aina hiyo, wengi walikuwa na uhakika: ni namba shufwa zinazoongezeka kwa mbili. Nikawaambia sivyo. Ukumbi ukanyamaza kidogo, kisha mwanafunzi aliyekaa nyuma akauliza kuhusu 1, 7, 30, nikamjibu kwamba nayo inafuata. Hapo ndipo mambo yalipoanza kusogea, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amejaribu seti ambayo, kwa mujibu wa dhana yake mwenyewe, ilipaswa kukataliwa. Kanuni ilikuwa namba tatu zozote zinazopanda.

Niliwapa muda mrefu wa kulijadili, kwa kuwa hapa ndipo utafiti na tafakuri vinapokutana. Kila jibu la "inafuata" lilikuwa la kweli, na data yao haikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa katika uchaguzi wa maswali, na uchaguzi huo haukuonekana kwao mpaka walipolazimishwa kuutazama. Mwanafunzi anayekusanya makala zinazounga mkono hoja yake pekee yumo katika hali hiyohiyo: kila makala ni halali, kila rejea imeandikwa sawasawa, na bado hitimisho lake halijawahi kujaribiwa. Ripoti peke yake haiwezi kumfichulia jambo hilo msomaji, wala mwandishi mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla hawajatoka, niliwataka waandike katika daftari la utafiti mambo mawili: jibu wanalolitarajia kwa sasa kuhusu swali lao, na aina ya ushahidi ambao, wakiupata, utawafanya waliache jibu hilo. La pili liliwachukua muda mrefu zaidi. Mwanafunzi asiyeweza kulijibu mara nyingi ana imani aliyoivisha umbo la swali la utafiti, na ni nafuu alitambue hilo katikati ya muhula kuliko siku ya kuwasilisha kazi.

Saa 6 mchana

Niliwapeleka maktabani wale ambao bado hawajakamilisha mapitio ya machapisho. Mkutubi wetu aliwaonyesha jinsi ya kuunganisha maneno ya utafutaji katika hifadhidata kwa viunganishi vyenye maana ya "na", "au" na "isipokuwa". Mantiki hiyo ina jina la George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyeifafanua katika kazi yake ya mwaka 1854. Kuongeza "na" hupunguza matokeo, kuongeza "au" huyazidisha, na alama za kunukuu huyafungia maneno yabaki pamoja kwa mpangilio wake. Baadaye aliwafundisha kuifuata makala moja kwa njia mbili, yaani kurudi nyuma kupitia orodha yake ya marejeo, na kwenda mbele kwa kutazama kazi za baadaye zilizoitaja. Njia hii ya pili iliwezekana kwa upana baada ya Eugene Garfield kuanzisha faharasa ya sayansi inayoonyesha nani amemrejelea nani, mwaka 1964.

Niliongeza onyo moja. Makala iliyokwisha kuchapishwa inaweza kuondolewa, na bado ikaendelea kusambaa. Makala ya mwaka 1998 katika jarida la The Lancet, iliyodokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji, iliondolewa rasmi mwaka 2010, miaka 12 baadaye, na hadi leo wapo wanaoinukuu kana kwamba bado ina uhai. Kwa hiyo mwanafunzi aangalie hali ya makala kabla ya kuitegemea.

Nililosisitiza zaidi, hata hivyo, ni kumbukumbu ya utafutaji wenyewe: tarehe, hifadhidata iliyotumika, maneno yaliyoingizwa, idadi ya matokeo, na sababu ya kuziacha makala zilizoachwa. Kurasa hizo ndizo malighafi ya tafakuri. Asiyekuwa nazo hulazimika kutegemea kumbukumbu yake, na kumbukumbu humpangia mtu safari iliyonyooka kuliko ile aliyoipita.

Saa 8 mchana

Ofisini alikuja mwanafunzi anayechunguza sababu za wanafunzi wa mwaka wa kwanza kukaa kimya katika semina. Alikaa kwa muda kabla ya kuuliza lililomleta. "Mwalimu, mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa hao wanaokaa kimya. Nikiandika hivyo, si wataona utafiti wangu una upendeleo?"

Nilimwambia kwamba upendeleo hauzaliwi na kutaja. Kama upo, ulikuwapo tangu alipolichagua swali, na msomaji asiyeambiwa hana njia ya kuupima. Kisha tukaichukua hojaji yake tuone mahali ambapo uzoefu wake ulikuwa umemsaidia na mahali ambapo ulikuwa umemfunga. Ulimsaidia kuuliza kuhusu hofu ya kuchekwa kwa sababu ya lafudhi, jambo ambalo mtu wa nje asingelifikiria. Ulimfunga katika orodha ya sababu alizozitoa kwa wahojiwa kuchagua, kwa kuwa zote zilikuwa za woga. Haikuwamo nafasi kwa mtu anayenyamaza kwa sababu hakusoma, wala kwa yule anayependa kusikiliza kwanza, wala kwa yule anayeiona semina haina maana. Aliitazama orodha ile kwa muda, akachukua kalamu na kuanza kuongeza.

Nilimshauri aandike aya moja katika sehemu ya mbinu kuhusu nafasi yake katika suala analolichunguza, na ahifadhi toleo la awali la hojaji kwa ajili ya insha ya tafakuri. Vilevile nilimwomba aache kujificha nyuma ya kauli ya kutendwa katika insha hiyo. Palipoandikwa "washiriki walichaguliwa" aandike "niliwachagua", kwa kuwa hapo ndipo msomaji atakapopata haki ya kuuliza kwa nini.

Saa 10 jioni

Nilisoma rasimu za wanafunzi waliorudi kutoka mafunzo kwa vitendo, baadhi yao katika madarasa ya shule na wengine katika wodi za hospitali. Hapa kuna jambo ambalo miongozo mingi huligusa juujuu tu. Mwanafunzi anapotafakari kuhusu siku yake ngumu, huwaandika pia watu wengine: mgonjwa, mtoto, muuguzi mwandamizi. Hao hawakuridhia kuwamo katika insha yake. Kuondoa jina hakutoshi, iwapo umri, ugonjwa na tarehe vinamtambulisha mtu kwa yeyote aliyekuwapo. Nilirudisha rasimu mbili kwa sababu hiyo pekee, nikielekeza namna ya kubakiza kile mwandishi alichokifikiri na alichokitenda huku maelezo ya mgonjwa yakipunguzwa hadi kiwango cha lazima.

Rasimu moja ilikuwa laini kupita kiasi, yenye hatua zote sita za Gibbs na bila jambo lolote lililotokea. Nilishuku kwamba iliandikwa na programu ya akili mnemba. Sikumtuhumu mwandishi, kwa kuwa shaka si ushahidi. Nilimwandikia aje na daftari lake, tuongee kuhusu uamuzi wowote mmoja aliouchukua, kwa nini aliuchukua, na ni njia gani nyingine aliyoiacha. Maongezi ya dakika 10 juu ya uamuzi mmoja hunieleza mengi kuliko kipimo chochote cha kompyuta, na kwa mwanafunzi aliyefanya kazi yake kwa uaminifu huwa ni fursa ya kuipata insha halisi iliyokuwa bado haijaandikwa.

Saa 2 usiku

Ujumbe wa mwisho niliojibu ulitoka kwa mwanafunzi ambaye mshiriki wake mmoja alikuwa amejitoa baada ya mahojiano kukamilika, akiomba maneno yake yasitumike. Yalikuwa mahojiano bora kuliko yote aliyoyafanya, na aliuliza kama angeweza angalau kuyatumia katika insha ya tafakuri, ambayo si ripoti.

Nilimjibu kwamba hapana. Haki ya mshiriki ya kujitoa haibadiliki kwa sababu aina ya maandishi imebadilika. Afute rekodi na manukuu yake, aeleze katika sehemu ya mbinu kwamba mshiriki mmoja alijitoa, na katika tafakuri aandike kuhusu yale yaliyo yake: alivyowaeleza washiriki haki zao mwanzoni, alivyoupokea uamuzi huo, jinsi hitimisho lake linavyosimama au kuyumba bila ushahidi ule, na kama ataibadili fomu ya ridhaa kabla ya mahojiano yaliyobaki. Nikamwomba aandike usiku huohuo, angali analikumbuka jambo lenyewe kwa uchungu wake wote, na alete ukurasa huo tutakapokutana Alhamisi.