Siku fundi alipotaka kuigeuza Ubuntu kuwa D

Mwaka 2011 kompyuta kubwa ya steshenari niliyokuwa nafanyia kazi, Morogoro mjini, ilikuwa na mifumo endeshi miwili: Windows XP na Ubuntu 10.04, ambayo ni mfumo wa bure wa ukoo wa Linux. XP tuliiacha kwa sababu ya skana. Skana ilikuwa kuukuu, CD yake ya draiva iliishia kwenye XP, na mama mwenye duka hakuona kwa nini anunue nyingine wakati hii bado inatoa vyeti vya watu vizuri tu. Ubuntu niliiweka mimi ili kukwepa virusi vya Windows. Wanafunzi walikuja na flashi zilizopita kwenye kompyuta za mji mzima, folda zote zimegeuka shotikati na faili la autorun.inf, lile la kuamsha virusi, limejificha ndani. Kwenye Ubuntu nilizifungua bila wasiwasi, nikafuta uchafu, nikachapa kazi ya mtu. Kazi ndefu nazo nilizihifadhi upande huohuo, ikiwemo tasnifu ya dada mmoja wa Chuo Kikuu cha Sokoine aliyekuwa akituletea sura moja moja kwa mwandiko wa mkono.

Nikaenda msibani Kilosa. Huku nyuma XP ikawa nzito hata kufungua Word ni shughuli, mama akamwita fundi apige windo upya, yaani asakinishe Windows upya.

Niliporudi nilimkuta fundi bado yumo kazini. Kompyuta ilikuwa inawaka na kuingia XP moja kwa moja. Ile menyu nyeusi ya kuchagua mfumo haikuwepo tena.

"Mdogo wangu, pole na msiba," aliniambia. "Ile Ubuntu yako imefutika bwana. Ila usijali, nimekuta kama GB 30 zimekaa bure, naifomati hapa iwe diski D, mama apate nafasi."

"Kaka, naomba usibonyeze kwanza."

"Mwache amalize, mwanangu," mama akasema kutoka kwenye mashine ya fotokopi. "Watu wanasubiri skana."

Kwenye kioo alikuwa amefungua Disk Management, programu ya Windows ya kugawa diski. Kulikuwa na C, kipande cha diski chenye Windows, na pembeni yake kipande kisicho na herufi wala jina, kimeandikwa "Healthy (Unknown Partition)". Maneno hayo yalinipa nguvu. XP haisomi ext4, aina ya mpangilio wa faili ambayo Ubuntu 10.04 iliitumia, kwa hiyo kipande kilichojaa kazi za watu inakionyesha kama kitu kisichojulikana, na kwa fundi aliyezoea Windows peke yake hiyo ni nafasi ya bure. Nimtendee haki: wakati wa kupiga windo, skrini ya bluu inakuorodheshea vipande vyote vya diski, na kitufe cha herufi D kwenye kibodi ndicho cha kufuta. Wapo wanaofuta vyote ili "iwe safi". Yeye aligusa C tu.

"Kitu kisichosomeka kitakuwaje na kazi ndani?" aliniuliza, na hakuwa anadhihaki. Aliuliza kweli.

Nilimweleza hivi. Sekta ya kwanza kabisa ya diski ina baiti 512. Baiti 446 za mwanzo ni maelekezo ya kuwashia, 64 zinazofuata ni jedwali la mgawanyo wa diski, na mbili za mwisho ni alama tu. Ubuntu ilikuwa imeweka mwanzo wa GRUB, programu yake ya kuwashia, kwenye zile 446, na GRUB ndiyo iliyokuwa inatuonyesha menyu. XP ikisakinishwa inaandika maelekezo yake papo hapo, kama mpangaji mpya anayebadilisha kitasa cha mlango mkubwa bila kuuliza kama ndani mna wengine. Jedwali haikuligusa, na Ubuntu yote ilikuwa pale pale. Mfumo wa mwaka 2001 hukuti ndani yake mpango wowote wa kukaa na jirani asiye wa ukoo wake; ndiyo maana wazoefu walishauri Windows itangulie, Linux ifuate.

Mama hakuwa na haja na baiti. Nikamwambia, "Mama, tasnifu ya yule dada wa Sokoine imo humo."

Alizima fotokopi. "Humo kwenye hiyo nafasi tupu?"

"Humohumo."

"Basi mwanangu, asiguse mtu."

Nilikuwa na CD ya Ubuntu 10.04 kwenye bahasha yake ya karatasi. Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, walikuwa wakizituma bure kwa posta mpaka walipousitisha mpango huo mwaka huohuo wa 2011. Lakini umeme nao ukakatika. Mwaka ule mgao ulikuwa mkali nchi nzima, na yupiesi yetu, ile betri ya akiba, ilitosha kukupa muda wa kuzima kompyuta kwa heshima, basi. Mwenye skana akaondoka, fundi akabaki. Nadhani alitaka kuona nikiumbuka.

Umeme uliporudi jioni, nikabuti kwa CD. Kwenye mashine yenye RAM ya MB 512 hilo peke yake ni zoezi la subira. Nikafungua terminali, nikaandika sudo fdisk -l, amri ya kuorodhesha vipande vya diski, na jedwali likajitokeza lote: kipande sda1 cha NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, na kipande sda5 cha Linux. Nikaipachika sda5 kwenye /mnt, nikafungua folda yangu. Tasnifu ilikuwepo. Kabla ya kutengeneza chochote nikainakili kwenye flashi na kumkabidhi mama, naye akaifunga kwenye ncha ya kanga. Watu wengi hukimbilia kurudisha menyu. Mimi naona menyu inaweza kusubiri, kazi ya mtu haisubiri.

Ukarabati wenyewe ulikuwa mstari mmoja:

sudo grub-install --root-directory=/mnt /dev/sda

Ikajibu kwamba imemaliza na hakuna kosa. Fundi akanisogelea. "Basi?"

"Basi."

Nikaizima, nikaiwasha, menyu ikarudi. Mama, ambaye mawazo yake yalikuwa kwenye skana, akashusha kishale mpaka Windows XP na kubonyeza. Badala ya XP yake ikaja "no such device" na mkia mrefu wa namba.

"Haya! Umeponya yako, umeua yangu."

Haikuwa imekufa. Menyu ya zamani ilikuwa inaitafuta XP kwa namba ya utambulisho ya kile kipande cha diski, na fundi alipofomati C kipande kikapata namba mpya. Nikaingia Ubuntu, nikaandika sudo update-grub, amri ya kuitengeneza menyu upya, na mstari mmoja ukasema imeiona Microsoft Windows XP Professional kwenye /dev/sda1. Safari hii mama alipobonyeza, XP ikafunguka, na skana ikanguruma.

Akataka jambo moja zaidi: ikiwashwa na mtu asipochagua, iingie XP. Hilo ni la kubadili namba ya GRUB_DEFAULT kwenye faili la /etc/default/grub. Linakera kidogo, maana orodha inahesabiwa kuanzia sifuri, na kila kerneli mpya, yaani kiini cha Ubuntu, inapoingia XP inasogezwa chini na namba inapotea. Niliirekebisha mara kwa mara mpaka nilipoacha kazi pale.

Fundi alitoa kijitabu chake cha namba za wateja akaomba nimwandikie zile amri. Nikamwandikia. Akaziangalia, kisha akauliza swali ambalo hata wengi waliosomea hawaulizi: "Kwa nini mwanzo ni sda5 na mwisho ni sda bila namba?" Nikamwambia sda5 ni pale GRUB inapochukua faili zake, na sda ni diski nzima, ambako ndiko inakoandikwa sekta ya kwanza. Akaongeza hilo kwa mkono wake chini ya amri, akaazima na ile CD. Baadaye nilisikia anatoza elfu kumi.