Bega la Mel Stottlemyre na wasichana wangu wa mkuki

Mel Stottlemyre, mrushaji wa mpira wa besiboli, aliitwa na timu ya New York Yankees Agosti 1964, akiwa na miaka 22. Oktoba ya mwaka huohuo akajikuta kwenye fainali za ubingwa wa besiboli Marekani, akikabiliana na mrushaji Bob Gibson wa St. Louis Cardinals mara tatu katika fainali hizo. Mara ya kwanza timu yake ilishinda. Mara ya mwisho, mchezo wa saba, ilifungwa na ubingwa ukaenda St. Louis. Hakurudi tena fainali akiwa mchezaji. Kurudi alirudi, ila kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo inayonifanya nimwandike mtu huyu kutoka hapa Dodoma, ambako besiboli yenyewe tunaiona kwenye simu tu.

Jina lake nililisikia kwa kijana wa kujitolea kutoka Japani aliyekuwa akifundisha hisabati shule ya jirani. Jioni alikuwa anakuja uwanjani kwetu na glavu zake, tunarushiana mpira huku vumbi la Julai likitupiga usoni. Aliniona narusha kwa mkono wa kushoto wakati naandika kwa kulia, akauliza kuna nini. Nikamwambia.

Nilirusha mkuki nikiwa chuo cha ualimu. Nilikuwa na mkono mzuri, nasema hivyo bila aibu. Kaka zangu walikuwa wanaamia ndege kwenye uwele kwa kombeo, nami nikikaa nao shambani asubuhi hadi jua linapokuwa kali, na kwenye rede hakuna aliyetaka kusimama katikati nikiwa na mpira. Chuoni aliyetufundisha alikuwa na imani moja: aliye bora arushe zaidi ya wote. Wenzangu wakienda kuoga, mimi naendelea mpaka giza. Siku moja bega likalia ndani, na tangu hapo halijawa bega. Wanafunzi wangu wanajua kwamba naandika nusu ya chini ya ubao. Juu kabisa anaandika kiranja.

Yule kijana alisikiliza, halafu akaniambia nimtafute Stottlemyre.

Huyu bwana alikuwa fundi wa mrusho unaozama. Mpira unakuja kama wa kawaida, ukimkaribia mpigaji unashuka, akiugonga unabiringika chini na wenzake uwanjani wanaokota. Hakuwa mtu wa kuwaaibisha wapigaji kwa kasi. Alishinda michezo 164 na kupoteza 139, yote katika jezi ya timu moja, tena katika miaka ambayo Yankees walikuwa hoi. Katika 40 kati ya huo ushindi, wapinzani hawakupata hata pointi moja. Sasa angalieni mzigo. Mchezo mmoja una vipindi tisa. Mwaka 1965 alirusha vipindi 291. Mwaka 1969 alirusha 303, sawa na kubeba michezo 33 mizima na ushee peke yake. Juni 1974 kano za bega zikachanika. Majira ya kuchipua ya 1975 timu yake ikamwacha, ana miaka 33. Alikaa na uchungu ule miaka mingi, na mimi namwelewa.

Bega la mrushaji haliumizwi na kutupa peke yake. Kuna misuli minne midogo inayoushika mfupa wa mkono ubaki kwenye kikombe chake. Mpira au mkuki ukishatoka, mkono bado unataka kwenda nao, na misuli hiyo ndiyo inayopiga breki. Kila mrusho, breki. Mtu akichoka, miguu na kiuno vinaacha kufanya kazi yao na mzigo wote unabaki begani. Ndiyo maana mrusho wa hamsini haufanani na wa tano, hata kama umefika umbali uleule.

Mwaka huohuo wa 1974, mwezi Julai, mrushaji mwingine, Tommy John wa Los Angeles Dodgers, alichanika kano ya kiwiko. Daktari Frank Jobe akachukua kano kutoka mkono wake wa kulia na kuipandikiza kwenye kiwiko cha kushoto, Septemba 25, 1974. John alikosa msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, akacheza mpaka 1989. Baada ya upasuaji ule alishinda michezo 164. Ni idadi ileile ya Stottlemyre katika maisha yake yote ya uchezaji. Kiwiko kilipata daktari wake, bega halikupata. Enzi hizo mrushaji aliyechanika kano za bega kwa kawaida ndiyo alikuwa amemaliza.

Stottlemyre akageukia ufundishaji. Alianza 1977 na warushaji chipukizi wa Seattle Mariners. Mwaka 1981 alimzika mwanawe Jason, mtoto wa miaka 11, aliyekufa kwa saratani ya damu. Miaka mitatu baadaye alikuwa kocha wa warushaji wa New York Mets.

Hapo Mets ndipo ninapobishana naye kichwani. Alimkuta kijana wa miaka 19, Dwight Gooden, mkono ambao huzaliwa mara chache sana. Mwaka 1985 Gooden alishinda michezo 24, akapoteza minne tu. Watu husimulia msimu ule mpaka leo. Mimi naangalia kitu kingine: alikuwa na miaka 20 na alirusha vipindi zaidi ya 276. Kocha wake alikuwa mtu aliyevunjikiwa bega kwa mzigo wa namna hiyohiyo! Mets walichukua ubingwa 1986, lakini Gooden hakufika tena pale alipokuwa 1985. Maisha yake nje ya uwanja nayo yalikuwa na majaribu yake, kwa hiyo siwezi kusema ni mkono tu. Ila naamini kocha mmoja hawezi kushindana na uwanja mzima unaotaka kumwona kijana akirusha. Lazima iwepo sheria iliyoandikwa.

Wajapani wenyewe walichelewa kulitambua. Mashindano yao ya besiboli ya shule za sekondari pale uwanja wa Koshien yanapendwa na taifa zima, na kwa miaka mingi kijana mmoja aliibeba shule yake siku baada ya siku. Kuanzia 2020 wameweka kikomo: mirusho 500 kwa wiki. Bado ni mingi mno kwa maoni yangu. Mwongozo wa Marekani ni mkali zaidi: mwenye miaka 15 au 16 asizidi mirusho 95 kwa siku, na akifikisha 76 apumzike siku nne.

Stottlemyre alirudi Yankees mwaka 1996, chini ya kocha mkuu Joe Torre, akakaa hadi 2005. Ubingwa wa 1996, 1998, 1999 na 2000 ulipatikana yeye akiwasimamia warushaji. Kisa ninachokipenda ni cha 1997. Mariano Rivera alianza kuona mpira wake unakata kona wenyewe mwishoni, bila yeye kuutuma. Alihangaika na Stottlemyre kuunyoosha, ikashindikana. Basi wakauacha. Mrusho huo ndio uliompeleka Rivera kwenye jumba la magwiji mwaka 2019, kwa kura zote bila hata moja ya kumpinga. Walimu wangapi wangeuacha? Sisi tukiona mtoto anashika mkuki tofauti na kitabu, kazi inakuwa kumkaripia mpaka afanane na wenzake.

Mwaka 2000 Stottlemyre aliugua saratani ya uboho, akatibiwa huku akirudi kazini kila alipopata nguvu. Alifariki Januari 13, 2019.

Sasa ya kwetu. Mwezi uliopita mzazi mmoja kutoka Mvumi alinifuata shuleni, amekasirika. Binti yake wa kidato cha tatu ndiye bora tuliye naye, na mimi nilimzuia kurusha siku ya mchujo. "Mwalimu, unamnyima mtoto bahati yake." Nilimwomba radhi kwa usumbufu, sikubadili uamuzi. Wiki ile kisima cha kwao kilikuwa kimeharibika, binti alichota maji mbali na kutwanga mtama wa msiba wa jirani. Mkono uliotwanga siku mbili umeshafanya kazi. Kwenye daftari langu mchi na ndoo vinaandikwa pamoja na mirusho, maana bega halijui kama linatwanga au linashindana. Wamarekani na hesabu zao zote hawana safu hiyo. Sisi tunaihitaji.

Walimu wenzangu mnaoandaa wanafunzi kwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, safu zangu ni nne: mirusho ya leo, kazi ya nyumbani, maumivu yako wapi, alilala saa ngapi. Mwanafunzi anajaza mwenyewe kabla hajagusa mkuki. Mwanzoni walikuwa wanaficha maumivu wakiogopa kuachwa. Waliacha kuficha walipoona aliyesema ukweli anapumzika na nafasi yake inabaki palepale.

Binti wa Mvumi anaanza tena Jumanne. Mirusho 20, mkimbio mfupi, baba yake nimemkaribisha aje ahesabu.