Nilivyomalizana na eksepsheni za lazima za Java, programu ya mizani ya korosho

Chama kimoja cha msingi huku Mtwara kilinipa programu yao ya Java niiendeleze kabla minada ya Oktoba haijaanza. Kazi yake inasoma faili la mizani, inaingiza kilo kwenye databezi, mkulima anapewa stakabadhi. Aliyeiandika mwanzo, kila kompaila ilipomdai adake IOException (kosa la faili) au SQLException (kosa la databezi), hizi ndo eksepsheni za lazima, makosa ambayo Java inagoma kukompaili mpaka uyadake au uyatangaze, aliweka catch (sehemu ya kudaka kosa) tupu, ndani hamna hata herufi, yaani kompaila inyamaze tu. Sasa umeme ukikatika laptop ya karani inabaki hai ila seva imezimika, programu inaandika "imekamilika", kesho yake mkulima anakuja, "dada, mbona magunia yangu hayasomi?"

Nikafuta catch tupu zote. Kompaila ikawaka nyekundu, fresh tu, angalau sasa najua pa kushika. Ila ukiandika throws (kutangaza tu kwamba kosa linampitia anayeita) kila method nayo sio, mana hata method ya kujumlisha kilo inaanza kutaja SQLException wakati databezi haiijui. Kwa hiyo darasa linalogusa databezi ndo linadaka SQLException hukohuko, linafanya rollback, yaani linafuta yote yaliyoanza kuingia, ili faili lisiingie nusunusu, halafu linarusha ya kwangu, MzigoHaujaingiaException. Nimeirithisha kwa Exception na sio RuntimeException (hiyo kompaila haidai uidake) makusudi kabisa, nataka anayeita alazimike kuamua cha kufanya. Na ile ya asili napachika ndani kama sababu, hapo usicheze, ukiiacha stack trace (orodha ya kosa lilikopita) inaishia kwako na hutajua databezi ilisema nini.

Faili nafungua kwa try ya Java 7 inayofunga yenyewe hata eksepsheni ikitokea. Kwenye lambda (kimethod kisicho na jina) kompaila inakataa IOException, wengine wanaifunika na UncheckedIOException ya Java 8, mi nikarudi kwenye for ya kawaida, inasomeka vizuri tu. Najua Kotlin na C# hawana kabisa mambo ya kulazimishana, Spring, fremuweki ya Java, nayo inageuza SQLException kuwa ya runtime, sina ugomvi nao, ila kwenye kilo za watu napenda kompaila inisumbue.

Kudaka kwa mwisho kunafanyika kwenye skrini pekee. Karani anaona "Mzigo haujaingia, usitoe stakabadhi, angalia seva kisha bonyeza Rudia", trace yote inaenda kwenye logi. InterruptedException ya thread ya mizani, inayotokea thread ikiambiwa isimame, naishughulikia kivyake, narudisha ile alama ya interrupt halafu natoka kwenye lupu.