Arifa ya Kifurushi Imfikie Mwenye Msimbo

Timu nyingi za programu ninazozifahamu hapa Dodoma hupokea taarifa za matoleo mapya ya vifurushi, yaani vipande vya msimbo (maandishi ya programu) vilivyoandikwa na wengine na ambavyo programu zao huvitumia, katika kundi moja la WhatsApp, ambamo kila mtu huziona na kudhani kwamba mwenzake atazishughulikia. Mimi ninashikilia kwamba taarifa ya namna hiyo haijafika mpaka impate anayewajibika na faili linalokitumia kifurushi husika.

Yaliyoikuta Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, mwaka 2017 yanatosha kunishawishi. Rekebisho la dosari ya usalama ya Apache Struts, kifurushi cha kujengea programu za wavuti, lilitolewa mwezi Machi, na taarifa ikasambazwa ndani ya kampuni kwa wasimamizi wa mifumo. Lakini orodha ya wapokeaji ilikuwa imepitwa na wakati, hivyo waliopaswa kuliweka rekebisho hilo hawakuipata. Taarifa binafsi za watu zaidi ya milioni 140 zikaishia mikononi mwa wadukuzi.

GitHub, jukwaa la kuhifadhia msimbo, ilianzisha faili la CODEOWNERS mwaka huohuo wa 2017. Kila mstari wake hutaja njia ya folda na mmiliki wake, na mistari miwili ikigongana, wa mwisho ndio unaofuatwa. Kwa hiyo kanuni ya jumla huandikwa juu, kwani ikiwekwa chini itazimeza zote zilizotangulia. Wengi huona kwamba faili hilo pamoja na Dependabot, zana ya GitHub inayopendekeza matoleo mapya ya vifurushi, vinatosha. Havitoshi. Pendekezo la kupandisha toleo kwa kawaida hugusa faili la orodha ya vifurushi tu, kwa hiyo anayeitwa kulikagua ni mmiliki wa orodha, ilhali mwenye msimbo wa malipo unaokitegemea kifurushi hicho hasikii lolote.

Ndiyo maana skripti yetu, programu ndogo ya kutuma arifa hizi, hupita njia nyingine. Kila usiku husoma matoleo ya vifurushi tuliyoyafunga, yaani tunayoyatumia kwa sasa, huyalinganisha na yaliyotoka, hutafuta mafaili yanayokiita kifurushi kilichobadilika, kisha hupitisha njia za mafaili hayo katika CODEOWNERS hadi yapatikane majina ya timu. Kifurushi kikiwa kimeletwa na kifurushi kingine, kama ilivyokuwa kwa mifumo mingi iliyokuwa na Log4j, kifurushi cha kuandika kumbukumbu za programu kilichogundulika kuwa na dosari kubwa ya usalama Desemba 2021, skripti hupanda ngazi kwa ngazi mpaka kwenye kile tulichokiagiza wenyewe.

Meseji yenyewe ni fupi: “Timu ya malipo: kifurushi cha tarehe kimetoka 2.9.0 kwenda 3.0.0, kinatumika katika stakabadhi na marejesho.” Kwa vifurushi vinavyofuata utaratibu wa namba tatu, kubadilika kwa namba ya kwanza ni onyo kwamba msimbo wa zamani huenda usifanye kazi, na hilo mpokeaji aliyeuandika hulielewa mara moja. Masasisho ya kawaida hukusanywa hadi Jumatatu asubuhi, bali ya usalama hutumwa papo hapo.

Tunaandika jina la timu badala ya mtu, kwa sababu watu huhama. Skripti bado haiwezi kukitambua kifurushi ambacho jina lake huundwa wakati programu inaendeshwa. Mafaili ya aina hiyo tumeyaorodhesha kwa mkono, na anayeongeza jipya hutakiwa kumtaja mmiliki wake kabla msimbo haujapokelewa.